Siku Thelathini za Jicho la Kulia

Jumatatu, 2 Machi

Chembe mbili! Nimezitazama tena. Mbili. Nikafumba jicho la kulia — moja. Nikafumba la kushoto — mbili, na ile ya pili ina mkia.

Kioo cha hadubini namba ishirini na tatu. Mimi nimepata chembe za chavua mia nne na kumi na mbili. Bwana Takwimu, ninayekaa naye meza moja maabara, na ambaye hajawahi kukosea hata hesabu ya vijiko vya sukari, amepata mia tatu sabini na moja. Nimemwambia macho yake yamechoka. Akajibu, kwa upole wake ule unaoudhi, kwamba jicho lililochoka hupunguza, halizidishi. Nimemnunia hadi saa sita.

Haya, niandike ukweli, maana humu hakuna wa kunicheka. Jicho la kulia lina jambo. Tangu Desemba. Nimesingizia taa, nimesingizia hadubini, nimesingizia hata nyuki. Na tasnifu yangu nzima ya uzamili ni kuhesabu chavua ndani ya asali, nione nyuki walikuwa wapi na walikula maua gani. Vioo sitini! Bila jicho mimi ni nani? Mlamba asali tu.

Mchana nikajikaza, nikaenda hospitali ya macho na kadi ya bima ya Baba. Nimeingia kifua mbele. Hiyo kadi nimeitumia tangu nina miaka miwili, hata picha yake ndiyo ileile — mtoto amekunja uso, machozi hadi kidevuni. Dada wa mapokezi akaipitisha kwenye mashine. Akaipitisha tena. Akaifuta kwa kitambaa. Kisha akanitazama kama mtu anayeleta taarifa ya msiba: hii kadi imekufa, dada yangu.

Imekufa lini? Tarehe kumi na tano Februari. Siku yangu ya kuzaliwa! Bima ya kazini kwa Baba inabeba watoto mpaka wafike miaka ishirini na mitano, basi. Mimi nakata keki huku, huko wananikata mimi. Hata ujumbe wa pole hakuna.

Nimerudi kwa miguu nikicheka peke yangu barabarani. Nilipofika chumbani ndipo kicheko kilipoisha.


Jumanne, 3 Machi

Zahanati ya chuo. Pale mwanafunzi yeyote hupimwa bure, na kila Jumanne anakuja daktari wa macho. Mama mfupi, mikono ya baridi, hana maneno mengi. Kanikalisha, kanimulika, kanisomesha herufi ukutani. Jicho la kushoto nimesoma hadi mstari wa chini kabisa, nikaongeza na jina la kiwanda kilichochapa ile karatasi. La kulia nimeishia mstari wa tatu. Nikajaribu kukisia. Akasema nisikisie, yeye si mtihani.

Basi nimejua. Konea — ule utando wa mbele ya jicho ulio kama kioo cha saa — wa kwangu umeanza kuchongoka. Badala ya kuwa duara unatoka kwa mbele. Kilichokwisha kuharibika hakirudi, ila kinaweza kuzuiwa kisiendelee. Jinsi ya kuzuia? Matone ya vitamini na taa ya buluu, unalala tu, chini ya saa moja umemaliza. Vitamini! Jicho langu litakula vizuri kuliko mimi.

Nikauliza nifanye lini. Akasema ingekuwa jana. Mwezi huu ni vizuri, mwezi ujao bado, kusubiri mwaka mzima ni kulitupa jicho. Alilisema hivyohivyo huku akinawa mikono. Taa yenyewe wanayo hospitali ya macho, si hapa zahanati. Kisha swali: una bima gani?

Nikakumbuka fomu ya chuo ya mwanzo wa muhula. Kulikuwa na sehemu ya bima ya wanafunzi. Nilikuwa na haraka, mitungi ya asali ilikuwa inashushwa getini, nikaweka tiki penye "Nina bima nyingine". Sekunde tatu. Mimi, mtu ninayekagua kila chembe mara mbili!

Lakini nimetoka pale nina furaha ya ajabu. Kitu kikishakuwa na jina kinapungua ukubwa. Na si upofu, na si kisu. Nimemwomba Bwana Takwimu radhi. Akauliza radhi ya nini, alikuwa hajajua kama nimenuna.


Jumatano, 4 Machi

Nimecheka mpaka mbavu!

Jumatano ni siku ya kikao cha uchambuzi maabara. Kila wiki tunachukua makala moja ya kisayansi, tunaigawana, na kalamu nyekundu mkononi tunaichana vipandevipande. Bi Msimamizi, anayeniongoza tasnifu, ndiye mwenyekiti. Ana sheria moja haivunjwi: muhtasari wa mwanzo hausomwi. Ni marufuku! Anasema muhtasari ni mahali ambapo mwandishi anajipamba. Anza na mbinu, nenda kwenye majedwali, mwisho rudi ukaone alivyokudanganya.

Leo makala ilikuwa haijafika. Bi Msimamizi akauliza nina nini mkononi. Nilikuwa na kitabu cha bima ya afya ya wanafunzi, kurasa arobaini na nne, nimekichukua asubuhi nikisome na nimekisoma mara mbili bila kuelewa kitu. Akanyoosha mkono. Haya, leo tunachambua hiki.

Na tukakichambua! Kila mtu na sura yake. Bi Msimamizi amepiga mstari mwekundu chini ya "matibabu ya lazima" na kuandika pembeni: kwa kigezo gani? Ameandika "chanzo?" mara kumi na moja. Dada mmoja wa mwaka wa pili, tunamwita Kimya kwa sababu huongea mara moja kwa wiki, leo ndiyo ilikuwa mara yake: akatufafanulia kwamba mchango ni unachotoa hata ukiwa mzima, na sehemu ya mgonjwa ni unachoongezea siku ukiumwa, na kwamba mpango wenye mchango mdogo huwa umeficha kucha kwenye sehemu ya mgonjwa. Tukampigia makofi. Wiki mbili sasa hataongea.

Kuna mipango mitatu. Wa Kwanza unatibu mafua na kuvunjika mguu. Wa Pili una macho na meno ndani yake. Wa Tatu una kila kitu hadi helikopta, sijui mwanafunzi gani anapanda helikopta. Bwana Takwimu akafungua kompyuta, akatengeneza jedwali: umri wangu, jicho langu, posho yangu, uwezekano wa kung'oka jino, uwezekano wa kuzaa. Hapo kwenye kuzaa akaniuliza bila kunitazama. Nikamwambia aweke sifuri. Akaandika sifuri nukta sifuri tano, kwa tahadhari.

Jibu: Mpango wa Pili. Imani asilimia tisini na tano. Tumekunywa chai tukapongezana kama watu tuliovumbua dawa. Kesho asubuhi nakwenda ofisi ya bima kujiandikisha. Nalala mapema.


Alhamisi, 5 Machi

Aibu! Aibu ya mwaka!

Ofisi ya bima iko nyuma ya jengo la utawala. Viti vya plastiki, kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye ndoo, madirisha manne na moja tu ndilo lina mtu. Dirisha la tatu. Dada wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Nikampa jedwali la Bwana Takwimu, limechapwa kwa rangi. Akaligeuza, akalipindua, akanirudishia.

Akaniambia usajili ulifungwa wiki tatu zilizopita.

Nikamwambia haiwezekani, tumesoma kitabu chote. Akavaa miwani, akakichukua kitabu changu chenye majeraha mekundu, akakifungua ukurasa wa kwanza. "Kwa Ufupi." Mstari wa kwanza, kwa herufi nene: mwisho wa kujiandikisha, tarehe kumi na mbili Februari. Ukurasa pekee ambao haukuwa na hata nukta nyekundu. Watu watano, shahada nane tukizijumlisha, na hakuna aliyeufungua!

Nilitaka ardhi ipasuke inimeze. Dada akauliza kwa nini tumeuruka. Nikamwambia sheria ya maabara. Akacheka hadi miwani ikaanguka tena kifuani. Kisha akanionea huruma, nadhani, maana alivuta kiti karibu na kioo.

"Tuseme hivi. Usajili ukishafungwa, anayeingia ni mtu ambaye maisha yake yamebadilika. Umeolewa?"

"Hapana."

"Umejifungua?"

Nikakumbuka sifuri nukta sifuri tano. "Hapana, dada."

"Ulikuwa na bima nyingine ukaipoteza?"

Nikasema nilikuwa kwenye bima ya baba yangu, ila nimetimiza miaka ishirini na mitano.

Akapiga meza. "Sasa si ungesema! Mwanangu, hayo ndiyo mabadiliko yenyewe!"

Nina siku thelathini tangu siku ya kuzaliwa. Yaani hadi Jumanne tarehe kumi na saba. Na kizuri zaidi: nikitoka bima moja kuingia nyingine bila kupitisha hizo siku, kipindi cha kusubiri cha miezi sita kinafutwa. Jicho linatibiwa mwezi huuhuu. Nikichelewa, nangoja usajili wa mwaka mpya, kisha miezi sita juu yake, na daktari kashasema mwaka ni kulitupa jicho.

Ninachotakiwa kuleta ni karatasi moja. Barua kutoka kazini kwa Baba, yenye mhuri, ikisema kwamba mimi si mtegemezi wake tena.

Karatasi moja tu! Nimeruka ngazi mbilimbili. Kuzeeka kumenifaa.


Ijumaa, 6 Machi

Sijamwelezea Baba humu. Baba ni fundi wa pampu mamlaka ya maji. Miaka thelathini na mmoja. Mwezi wa sita anastaafu. Hana makuu, lakini kuna kitu kimoja anajivunia: hakuna mtu wa nyumba yake aliyewahi kurudishwa mlangoni mwa hospitali. Kadi zetu zote hukaa kwenye pochi yake, zimefungwa mpira. Yangu tu ndiyo alinikabidhi nilipoingia chuo, kwa hotuba.

Nimempigia saa nne. Nikaeleza kadi imekufa. Nikaeleza barua. Nasikia pampu ikinguruma nyuma yake.

"Nani kakutoa?"

Nikamwambia hakuna mtu, Baba, ni umri.

"Umri wa nani? Mimi sijasaini popote. Jumatatu nakwenda kwa afisa utumishi, watakurudisha. Hujafukuzwa kwenye nyumba yangu."

Nikasema sitaki kurudishwa, nataka barua. Akasema mtandao mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri, nilimsikia akimwomba mwenzake bisibisi.

Mama kanipigia baadaye. Mama ni mshonaji, huongea huku cherehani inakwenda. Baba yako kavimba, anasema wanataka atie sahihi kwamba mwanawe si wake. Nimpe muda. Nikamwambia sina muda, nina siku kumi na moja. Akauliza za nini. Nikapiga chenga. Jicho sijawaambia. Sitaki Mama aache kulala, na Baba nitamwambia mambo yakiwa tayari.

Nimehesabu vioo viwili leo kwa jicho la kushoto. Shingo inauma. Bwana Takwimu kaniletea mto, kauweka juu ya kiti akaenda zake.


Jumapili, 8 Machi

Nimekwenda nyumbani. Niandike haraka kabla sijasahau maneno.

Nilimkuta Baba uani na pampu ya jirani imefunguliwa juu ya gunia, nati zimepangwa kwa ukubwa kama wanafunzi mstarini. Shikamoo Baba. Marahaba, Profesa. Hakuinua uso. Ananiita Profesa tangu darasa la pili, lakini leo lilitoka kavu.

Nikakaa kwenye ndoo. Nikaanza vizuri. Nikaeleza mabadiliko ya maisha, siku thelathini, kipindi cha kusubiri. Nimeeleza kama nipo kikaoni. Akasikiliza yote. Kisha akasema amefanya kazi miaka thelathini na mmoja, na kitu alichokipata ni hicho, kwamba watoto wake wamo. Na mimi nataka aende mbele ya kijana wa utumishi akaombe kwa mdomo wake waandike simo.

Nikapandwa na hasira. Mimi na Baba kichwa ni kimoja, kigumu. Nikasema tayari simo, Baba! Nimeshatoka! Kilichobaki ni mhuri! Akainuka akaenda kunawa. Mama akazima cherehani ndani. Ilipozimwa nikajua nimepaza sauti.

Basi nikasema. Nikamwambia mgongo wake: ni jicho.

Akageuka na sabuni mikononi. "Lipi?"

Nikamweleza. Konea, matone, taa ya buluu, mwaka ni mwingi. Hakusema pole. Alijifuta mikono, akaokota nati moja, akasimama hatua tano kutoka kwangu.

"Fumba la kushoto. Hii ngapi?"

"Kumi na nne."

Akaitazama ile nati. Akaokota nyingine. "Na hii?"

"Kumi na nne. Hapana — kumi na saba."

Zote mbili zilikuwa kumi na tatu. Mimi ambaye tangu utotoni nampitishia nati bila kuambiwa saizi! Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu uani, nilikuwa mkono wake wa pili. Alizirudisha mstarini, kila moja mahali pake, taratibu. Mama alikuwa mlangoni na futi shingoni, analia.

Baba akasema kesho saa mbili asubuhi yuko kwa afisa utumishi. Akaniuliza barua iandikwe vipi hasa. Nikaanza kumtajia, akanikatiza, akasema nimwandikie, kwa herufi kubwa, miwani yake ya kusomea ina ufa.

Nimeandika: "si mtegemezi tena". Kisha tukala, na Baba akamtania Mama kwamba analilia jicho la mtu mwenye mawili. Tumecheka wote watatu, hata kama machozi yalikuwepo.


Jumanne, 10 Machi

Afisa utumishi yuko likizo. Msaidizi wake hana ufunguo wa mhuri. Baba amekaa kwenye benchi nje ya mlango tangu jana. Kaniambia nisijali, amebeba chai.


Jumatano, 11 Machi

Kikao. Bi Msimamizi kaingia na makala mpya, kasimama, kakohoa. Kasema kuanzia leo muhtasari utasomwa. Mwishoni, lakini utasomwa. Kimya akatoa sauti — kacheka! Wiki mbili hazijaisha!

Kisha jambo kubwa. Bi Msimamizi kaniita pembeni, akasema vioo vyangu kuanzia namba kumi vihesabiwe upya na mtu wa pili, na si adhabu, ni utaratibu, naye alipaswa kuuweka tangu mwanzo. Na kwamba tasnifu inaweza kungoja wiki sita, jicho haliwezi. Nilikuwa nimejiandaa kujitetea. Hotuba yote imenibaki mdomoni.

Bwana Takwimu ndiye mtu wa pili. Tunahesabu kwa zamu, mimi la kushoto, yeye yote mawili. Tunatofautiana chembe mbili, tatu. Leo kioo namba kumi na sita tumepata sawasawa, mia mbili themanini na tisa kwa mia mbili themanini na tisa. Amenipa mkono rasmi kabisa, kama waziri. Mkono wake una joto. Sijui kwa nini naandika hilo.


Alhamisi, 12 Machi

Barua imetoka! Ila imeandikwa kwamba nimetoka kwenye bima tarehe kumi na tano MACHI. Yaani siku ambayo bado haijafika! Msaidizi anasema ni karatasi tu, itaeleweka. Baba kamwambia yeye hafungi pampu kwa nati inayokaribia kutosha. Amerudi kwenye benchi. Wafanyakazi wenzake sasa wanapita kumsalimia pale kama mgonjwa.


Ijumaa, 13 Machi

Saa saba mchana, niko mezani, mlango wa maabara unagongwa. Baba! Amevaa koti lake la harusini — harusi yake, siyo ya mtu mwingine — na bisibisi imechomoza mfukoni. Barua iko ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya bahasha, ndani ya gazeti. Tarehe ni sahihi. Mhuri mbichi kabisa.

Hakuniamini kuichukua mwenyewe, wala hakuiamini posta. Kakaa kwenye basi saa tatu nzima. Nilimrukia shingoni mbele ya watu.

Akataka kuona. Nikamkalisha kwenye hadubini, nikamwekea chavua ya alizeti, ile ya miiba, ya kupendeza kuliko zote. Akakaa muda. Kisha: "Kumbe ndiyo hii." Akaangalia tena. "Na hii ndiyo unayoihesabu, moja moja?" Nikasema ndiyo, Baba. Akasema kweli hii inataka macho.

Halafu kidole chake kikagusa kitufe cha kusogezea kioo. Kinacheza. Kimecheza tangu mwaka jana, tumeandika barua tatu kwa idara. Bisibisi ikatoka. Bwana Takwimu akapauka, Bi Msimamizi akafungua mdomo. Dakika nne. Sasa kinazunguka kama siagi. Bi Msimamizi ameuliza kama Baba anaweza kuangalia na mashine ya kuzungusha mirija. Anaweza. Amefanya zote mbili, na kiti changu.

Bwana Takwimu kampa shikamoo mara mbili kwa kusahau. Baba kaniuliza chinichini yule kijana anaumwa nini.

Ofisi ya bima Ijumaa hufunga saa sita. Basi Jumatatu. Baba anasema haondoki mpaka aone wameipokea. Analala kwa binamu yake. Siku moja kabla ya mwisho, tunatosha.


Jumamosi, 14 Machi

Nimejaza fomu kwa utulivu, nikaanza na ukurasa wa kwanza. Nimejifunza! Jina, tarehe ya kuzaliwa, Mpango wa Pili. "Mwanachama mkuu": mimi. Nimeyarudia hayo maneno kwa sauti, chumba kitupu.

Ukurasa wa nne nikakwama. "Wategemezi." Mwenzi. Watoto. Na chini yake mistari miwili: "Mzazi." Nikakirudia kitabu, nikasoma kila neno, hata yale mekundu ya pembeni. Mwanachama anaweza kuongeza wazazi wake mwanzoni anapojiunga. Mchango unapanda, lakini posho yangu inafika, nikiacha upuuzi fulani. Na bima ya kazini kwa Baba inaisha siku anapostaafu. Mwezi wa sita. Mbona hakuna aliyelisema hilo nyumbani? Au wamelisema mimi nisipokuwepo?

Nimempigia Mama. Cherehani ikasimama. Akasema amekuwa akiamka akilifikiria hilo tangu mwaka mpya. Nikamuuliza nimwandike? Akasema mwandike haraka. Na Baba? Akacheka, kile kicheko chake cha puani. Baba yako ukimuuliza atakataa. Usimuulize.

Mstari wa kwanza nimeandika Mama. Wa pili uko wazi.


Jumatatu, 16 Machi

Naandikia hapahapa, ofisi ya bima, kiti cha plastiki, shajara juu ya fomu. Namba yetu ni sitini na moja. Wameita hamsini na nane. Watu wengi leo, wote ni watu wa dakika za mwisho kama mimi, nawapenda wote.

Baba yuko kulia kwangu. Amevaa koti. Amekwisha kukitazama kile kiyoyozi kwa jicho baya mara nne. Barua ameishika mwenyewe, bado kwenye plastiki. Asubuhi amenisomea kwa sauti mstari ule — "si mtegemezi tena" — kwa taabu, miwani yenye ufa ikiwa mbali na pua, kisha akasema wameandika vizuri, hakuna kosa. Akaikunja.

Hospitali ya macho nimewapigia. Bima ikisoma kwenye mashine tu, nafasi ipo Alhamisi ijayo. Alhamisi! Bwana Takwimu amesema atanisindikiza, kwa sababu mtu mwenye jicho moja lililofunikwa hukosea umbali wa ngazi kwa asilimia kadhaa. Ametaja na asilimia.

Hamsini na tisa.

Nimemwomba Baba picha ndogo. Huwa anazo kwenye pochi, za vitambulisho vya geti. Akauliza ya nini. Nikasema ya fomu. Akadhani ni utaratibu wa mzazi kuthibitisha barua, akanipa. Nimeigeuza. Amekunja uso kweli! Midomo chini, nyusi zimekutana. Ni mimi mtupu, mimi wa miaka miwili kwenye ile kadi. Bado machozi tu.

Nimeiweka juu ya kile kisanduku cha mstari wa pili. Imeenea barabara. Gundi ipo pale dirishani, imefungwa kwa uzi.

Sitini.

Nimeandika majina yake yote matatu. Uhusiano: Baba. Herufi zangu kubwa, kama alivyozoea. Ameona kalamu inakwenda, ameinama. Anapapasa mfuko wa koti, anatafuta miwani. Siyo mfuko huo. Siyo na huo mwingine.

"Hapo umeandika nini, Profesa? Mbona picha yangu iko hapo? Nisomee."

Dada wa dirisha la tatu ameniona, anainua mkono. Sitini na moja. Baba hajainuka. Amenishika kiwiko, anangoja nimsomee.